Hofu na Mahali Pake

Miongoni mwa mambo ya ajabu katika tabia ya mwanadamu ni hili, kwamba kiumbe huyu ambaye tangu kuumbwa kwake huikimbia hofu, akajenga nyumba kwa sababu yake, akatia komeo mlangoni, akawasha taa na kukesha na jirani ili asibaki nayo peke yake, huyo huyo hutoa fedha yake kwa hiari, akaketi gizani kati ya watu asiowajua, akataka atishwe. Na akitishwa barabara husema kwamba amefurahi, na asipotishwa hulalamika kwamba haki yake imeliwa. Wako wanaoliona jambo hili kuwa upuuzi wa ujana, na wako wanaoliona kuwa dhambi. Mimi silioni hivyo wala hivyo. Naona kwamba filamu ya kutisha, ikitengenezwa kwa akili na insafu, ni chuo ambamo nafsi hufundishwa elimu moja iliyo adimu kuliko ushujaa, nayo ni kujua hofu yake yamstahili nani.

Naishi Kasungami, mtaa wa komuni ya Annexe katika jiji la Lubumbashi, ambako nyumba za matofali huongezeka mwaka hata mwaka, na ambako filamu huonwa barazani na vyumbani mwa watu, kwa runinga inayotumia betri ya jua au kwa simu moja iliyozungukwa na vichwa vingi, huku kila mmoja akimhimiza mwenzake asiogope na yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuvuta miguu yake juu ya kiti. Jioni moja mtoto wa jirani, baada ya kutazama filamu ya dude lililotoka kaburini, aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga: “Papa, kama haiko ya kweli, juu ya nini tunaogopa?” Nimesoma maelezo ya wajuzi kadha wa kadha wa sinema, wala sikumbuki swali lililokigusa kiini cha mambo kwa wepesi kama lile, kwani mtoto yule alikwisha kutambua kwamba dude lile ni mtu aliyevaa ngozi ya mpira na kupakwa rangi nyekundu, akajua hivyo kwa yakini, na bado akaogopa. Basi hofu yake haikutoka katika dude, bali ilitoka kwingine. Na hapo kwingine ndipo panapostahili kuchunguzwa.

Jibu la kwanza, ambalo mafundi wa sinema hulitoa, ni kwamba mtu huogopa zaidi asichokiona kuliko anachokiona, na jibu hili ni la kweli. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, filamu iliyotolewa mwaka 1975, ya papa anayeua watu katika pwani ya Marekani, papa wa mashine aliyeundwa kwa kazi hiyo aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, hata ikambidi mtengenezaji aonyeshe uso wa bahari mtupu badala ya mnyama, na miguu ya waogaji ikining’inia majini, na muziki wa John Williams wenye sauti mbili tu zinazorudiwa na kuharakishwa. Na kumbe upungufu ule ndio uliokuwa utajiri wa filamu, kwa sababu kila mtazamaji, akiisha kunyimwa papa wa mashine, alimwumba papa wake mwenyewe kwa mali ya hofu yake mwenyewe, na hakuna fundi awezaye kuumba dude linalomfaa mtu kuliko lile ambalo mtu huyo amejiumbia.

Lakini jibu hili halitoshelezi, kwa kuwa latueleza jinsi mlango wa hofu unavyofunguliwa, lisitueleze ndani ya chumba mnakaa nini. Kuna filamu nyingi zenye giza, zenye ukimya na zenye muziki wa ghafla, ambazo zikiisha kumshtua mtu kwa dakika moja humwacha akalala usingizi mtamu. Na kuna nyingine, chache, ambazo hazina kelele yoyote, na hata hivyo humfuata mtazamaji miaka mingi. Tofauti yao, kwa rai yangu, ni kwamba zile za kwanza hukivizia kiwiliwili tu, nacho kwa desturi hushtuka na kusahau, ilhali hizi za pili huigusa historia ambayo mtazamaji ameirithi, hata kama hakupata kusimuliwa kwa bayana.

Katika hizi za pili naipenda kwanza Nosferatu, filamu bubu ya Mjerumani Friedrich Wilhelm Murnau iliyotolewa mwaka 1922. Kisa chake kilichotwa katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyochapwa mwaka 1897, pasipo idhini ya mjane wa mwandishi, hata mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Lakini baadhi zilisalimika, na kwa kusalimika kwake sisi tunaweza kuona leo kile kivuli chenye vidole virefu kikipanda ngazi peke yake, mwenye kivuli asionekane. Watu husifu kivuli, nami nakisifu. Ila kinachonitisha mimi ni jambo la mwanzo wa kisa, ambalo wengi hulipita upesi. Yule mnyonya damu havunji mlango wala haruki ukuta. Aja kwa mkataba. Wakala wa nyumba hufunga safari ndefu ili amwuzie jengo lililokabili nyumba yake mwenyewe, karatasi zikatiwa sahihi juu ya meza ya chakula, mgeni akasafiri kwa merikebu kama abiriavyo mfanyabiashara yeyote, na panya na tauni vikateremka bandarini pamoja naye. Mtu wa Katanga akitazama haya hana haja ya kufafanuliwa.

Kwani mwaka 1891, miaka sita kabla riwaya ya Stoker haijachapwa, msafara wa Kapteni Stairs, uliokusanya wapagazi wake Unguja na pwani, ulifika Bunkeya, katika Katanga hii, kwa jina la dola ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, ukamtaka Msiri, mtawala wa Garenganze aliyekuwa ametoka Unyamwezi kwa njia ile ile ya misafara, aikubali bendera ya wageni. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, ambaye naye alipigwa risasi papo hapo akafa. Na wazee husimulia mpaka leo kwamba kichwa cha mtawala kilikatwa kikachukuliwa, na kwamba hapana ajuaye kilipozikwa. Mimi sioni kwamba simulizi hii ilihitaji kufanywa filamu ili itishe. Imekaa katika nchi hii kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, ikiwafundisha watoto kwamba mgeni aweza kufika na karatasi mkononi, na kwamba karatasi ikikataliwa mwili ndio utakaolipa.

Juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa hofu nyingine iliyoenea katika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika miaka ya 1940. Watu walisema kwa sauti ya chini kwamba kuna watu watembeao usiku, walioitwa batumbula, na wengine wakawaita simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya, ambao huwateka wapita njia wakawapeleka kwa Wazungu, wakalishwa wakanona, kisha wakaliwa. Hekaya hiyo ilikuwa na ndugu zake kila upande: pwani ya Kenya na Tanganyika walisema mumiani, Nairobi na Kampala walisema wazimamoto, na ng’ambo ya mpaka wetu, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, walisema banyama. Mwanahistoria Luise White alizikusanya nyingi katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, akakataa kuzidharau. Wala mimi sizidharau, kwa sababu nazitia katika mizani pamoja na mambo ya zama zile. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma kwa ajili ya ujira walikusanyika katika uwanja wa mpira wa mji huu, askari wakawafyatulia risasi, na Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao akawa miongoni mwa waliouawa. Watu walioyaona hayo, na ambao walishinda chini ya ardhi au mbele ya tanuri huku nguvu zao zikigeuzwa shaba na shaba ikipakiwa kwenda baidi, hawakuwa wajinga waliposema kwamba wanaliwa. Walikosea, pengine, katika namna ya kuliwa. Lakini katika kuliwa kwenyewe walinena kweli.

Na hapo yapasa kukumbuka kwamba watawala wa zama hizo walimwona Mwafrika kuwa mtu asiyeweza kupambanua picha na kitu chenyewe. Katika Kongo ya Wabelgiji iliwekwa kamati ya udhibiti, na mwenyeji hakuruhusiwa kuona filamu ila zile zilizokubaliwa kwa ajili yake. Katika Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, palifanywa jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya wenyeji, zilizo nyepesi na za polepole, kwa dhana kwamba macho yao hayajazoea. Iliogopwa kwamba sinema itawavuruga akili. Lakini wale wale waliodhaniwa kutojua kusoma picha walikuwa wakati huo huo wametunga, pasipo kamera wala fedha, hadithi ya kutisha iliyokuwa na maana kamili, yenye kumtaja mdhalimu, chombo chake na faida yake. Nayo ilienea kutoka Mombasa hata Katanga pasipo kuhitaji projekta. Basi usanii wa kutisha haukuletwa kwetu na sinema, sinema iliukuta.

Kwa sababu hiyo filamu iliyonitisha kuliko zote za karne hii ni Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka 2017 na kumpatia mwandishi wake tuzo ya Oscar kwa mswada asilia wa filamu mwaka uliofuata. Kijana mweusi mpiga picha huenda kuwaamkia wazazi wa mpenzi wake wa kizungu. Wanampokea kwa tabasamu. Mama wa nyumba anamlaza akili kwa sauti ya kijiko katika kikombe cha chai. Wageni wa karamu wanamshika mkono kupima misuli yake, kisha wanamnadi kwa ukimya, kila mmoja akiinua kadi, pasipo yeye kujua kwamba ndiye bidhaa, na kwamba mnunuzi akusudia kuhamia ndani ya mwili wake na kumwacha mwenyewe akitazama kwa mbali kama mfungwa. Mchezaji wa kijana huyo ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London na mwana wa wazazi kutoka Uganda. Na katika mwanzo wa filamu, ambapo watazamaji wengi wa Marekani husikia mnong’ono wasioufahamu, mtunzi wa muziki Michael Abels ameweka kwaya iimbayo kwa Kiswahili wimbo uitwao Sikiliza kwa Wahenga, ambamo sauti za waliotangulia humwonya kijana yule kwamba hatari imekaribia na kwamba yampasa kukimbia.

Yatafakari hayo, ndugu msomaji, kama yanavyomfikia mtu wa Kasungami. Kwa wengine wote onyo lile ni wimbo tu wa kuogofya. Kwetu ni maneno yaliyo wazi. Sisi twajua tangu dakika za kwanza, na yeye asijue. Sisi twaelewa lugha ya wahenga wake, na yeye amenyang’anywa kwa kuhamishwa kwa mababu zake ng’ambo ya bahari. Hapana hofu iliyo nzito kuliko ile ya kuwa na maarifa ya kumwokoa mtu ukawa huna njia ya kumfikishia. Na nadhani mtengenezaji, awe alilikusudia hili au hakulikusudia, ametupa sisi wasemaji wa Kiswahili kiti ambacho hakuna mtazamaji mwingine aliyepewa. Simba Bulaya wa mwaka 2017 havai ngozi ya mnyama. Ni tabibu mstaarabu, mkarimu, mwenye kusifu. Na kilichobaki ni kile kile: mwili wa mtu uliopimwa, ukathaminiwa, ukachukuliwa.

Iko filamu nyingine ambayo wauzaji hawaitii katika kundi la filamu za kutisha, nami naitia humo kwa taadhima yote. Ni Lumumba ya Raoul Peck, mwana wa Haiti aliyepata kukaa Kongo utotoni mwake, iliyotolewa mwaka 2000. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, walioletwa hapa Élisabethville kwa ndege na kuteswa katika nyumba moja, walipigwa risasi porini mahali paitwapo Shilatembo. Baadaye miili yao ilifukuliwa, ikakatwa na kuyeyushwa kwa asidi na ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, na msaidizi wake, ili pasibakie kaburi la kuzuriwa. Peck ameonyesha kazi ile ya usiku bila muziki wa kushtua na bila kuzidisha damu: watu wawili waliochoka, msumeno, pipa, na haraka ya kumaliza. Sijaona katika filamu yoyote ya mazimwi jambo lililonigandisha kama utulivu ule. Katika miaka ya 1940 maofisa walidharau uvumi kwamba Wazungu huichukua miili ya watu weusi isionekane tena; haikupita miaka ishirini, ofisa mmoja akalitenda jambo hilo katika Katanga hii hii, na akajiwekea jino. Jino hilo lilikabidhiwa kwa familia mjini Brussels Juni 2022, likarudishwa Kongo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo.

Kutokana na haya ningeweza kufunga kwa kusema kwamba filamu ya kutisha ni ukumbusho wa dhuluma, na yaishe. Lakini insafu hainiruhusu, kwa maana hofu ni nguvu isiyo na macho, na yule anayejua kuiamsha aweza kuielekeza apendako. Katika mwaka 1992 Wanigeria walitupa Living in Bondage, kisa cha mume aliyemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, na roho ya mke ikamwandama mpaka akarukwa na akili. Na ndani yake mna adili thabiti, kwa sababu mwenye tamaa ndiye anayetetemeka, na mdhulumiwa ndiye mwenye haki ya kutisha. Baada yake zimefuata filamu nyingi mno, za huko na za kwetu, na Dar es Salaam kina Mussa Banzi wakatengeneza Nsyuka na Shumileta, mazimwi na majini wenye asili ya hadithi zetu wenyewe. Filamu hizi zimetufurahisha sana huku. Hata hivyo katika kundi kubwa la filamu za video zimo nyingi, hasa zile zilizofanywa kuwa mahubiri, ambazo mwisho wake siku zote humwonyesha mchawi kuwa bibi kizee mjane, au mwanamke asiye na mtoto, au mtoto yatima aliyeletwa nyumbani kwa hisani. Na mtazamaji akitoka hapo hofu yake haikumwelekea mwenye nguvu bali mnyonge aliye karibu.

Hili si jambo la mjadala wa sanaa tu. Katika miji ya Kongo, Lubumbashi ikiwamo, wako watoto waliofukuzwa majumbani kwa kuambiwa kwamba ni walozi, kwa sababu baba alipoteza kazi, au mdogo wao alikufa kwa homa, au wao wenyewe hukojoa kitandani na kusema ndotoni. Wengine hulala sokoni. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imelifanya tendo la kumsingizia mtoto uchawi kuwa kosa la jinai, nayo ni sheria njema. Lakini sheria haiingii katika chumba ambamo familia imeketi gizani ikitazama mtoto wa filamu akigeuka macho mekundu. Humo huingia filamu, na mwenye kuitengeneza atadaiwa.

Ndiyo sababu nimefurahi kwamba jibu limetoka kwa mwana wa jiji hili hili. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 akakulia Ubelgiji, alionyesha filamu yake ya Augure katika tamasha la Cannes mwaka 2023 akapata tuzo humo. Koffi, mhusika wake mkuu, mwenye alama ya kuzaliwa mwilini inayosemwa kuwa ya ushetani, arudi kutoka Ulaya pamoja na mchumba wake mja mzito wa pacha, ili apate radhi ya wazazi. Anampakata mtoto mchanga wa dada yake; damu yamtoka puani, tone laanguka juu ya mtoto; na katika kufumba na kufumbua jamaa waliokuwa wakila na kunywa wamegeuka kuwa baraza la hukumu. Katika filamu hii hakuna dude. Kamera imekaa upande wa anayetuhumiwa, nasi twatazama nyuso za ndugu zetu kutoka huko, nyuso tulizozoea kuwa sisi, na kwa mara ya kwanza twaziogopa. Nina yakini kwamba mtu aliyekwisha kuketi mahali pale pa Koffi, ijapokuwa kwa muda wa filamu moja tu, hatakinyosha kidole chake cha shahada juu ya mtoto kwa wepesi aliokuwa nao.

Basi wale wanaotaka kuwakataza vijana filamu za kutisha kwa jumla nawaomba wafikiri tena, na wale wanaowaachia kutazama yoyote itakayokuja nawaomba vivyo hivyo. Mzazi na aketi na mwanawe, na filamu ikiisha amwulize: nani alidhuru, nani alidhuriwa, na mwenye kisa ametaka tumwogope nani? Na vijana wa Lubumbashi wenye kamera, ambao wamo wengi siku hizi na wana kipaji, nawasihi wasiende mbali kutafuta mazimwi ya kuazima, ilhali Bunkeya, uwanja wa mwaka 1941, simba Bulaya na Shilatembo vinawangojea wavitengeneze kwa Kiswahili kinachosemwa hapa. Filamu ambayo baada ya kututisha hutufanya tumhofu mwenye nguvu asiyezuiliwa na mtu, na tumhurumie asiye na mtetezi, imeifikisha hofu mahali pake, nami nitailipia na kuwaita majirani. Lakini ile inayotutoa humo tukimtazama yatima kwa jicho baya, hata ikiwa imepigwa kwa ustadi wa namna gani, imetufunza dhuluma, wala haistahili kuonyeshwa mbele ya watoto wetu.